Korveti: Manowari Ndogo Zilizolinda Misafara ya Bahari Yetu

Maneno ya hotuba kwa watu wa Wajir



Huenda wengine wakauliza: watu wa Wajir wana haja gani na habari za manowari? Bahari iko mbali, siku nyingi kwa mwendo wa ngamia, na maji yajulikanayo hapa ni yale ya visima vilivyochimbwa katika mawe ya chokaa tangu zamani za mababu. Swali hilo ni la haki. Hata maofisa wa Kizungu waliokaa hapa zamani za ukoloni walilifanyia mzaha, wakakiita chama chao cha starehe Royal Wajir Yacht Club, maana yake chama cha waendesha mashua, na huku hapakuwa na maji ya kuelea hata ungo.

Lakini Wajir iliwahi kuitegemea bahari kwa jambo zito. Mwezi wa Juni 1940, Italia ilipoingia katika Vita Kuu ya Pili, ndege za Wataliani zilikuja zikaiangushia Wajir mabomu. Mpaka ulikuwa karibu na askari wa kuulinda walikuwa wachache. Askari wa Afrika ya Kusini walioletwa kusaidia, pamoja na malori yao, mizinga yao, petroli na risasi, walikuja kwa meli wakashuka Mombasa. Kutoka huko ndiko nguvu ilikopatikana ya kuishambulia El Wak mwezi wa Desemba 1940, na kuitwaa Kismayu tarehe 14 Februari 1941. Lori lililopita hapa likitimua vumbi kuelekea mpakani lilikuwa limekwisha kuvuka maji ya chumvi.

Njia hiyo ya maji ilikuwa na walinzi wake. Manowari kubwa majina yake yalitangazwa kila mahali. Zile zilizofanya kazi nyingi kuliko sifa zake ni manowari ndogo ziitwazo korveti, na habari zake ndizo zitakazoelezwa hapa.

Neno korveti ni la Kifaransa cha zamani, la wakati wa manowari za tanga. Lilikuwa limeachwa kutumika, na Waingereza wakalifufua mwaka 1940 walipohitaji jina la manowari mpya ambayo haikufanana na nyingine walizokuwa nazo. Sababu ya kuundwa kwake ni hii. Mwaka 1939 Serikali ya Uingereza iliona vita vinakuja, na ilikumbuka jinsi nyambizi za Wajerumani, yaani manowari zipitazo chini ya maji, zilivyokaribia kuitia njaa nchi hiyo katika vita vya 1914 hadi 1918. Walinzi wa kufaa walikuwa ni manowari za kasi ziitwazo destroya. Lakini destroya huundwa kwa muda mrefu, kwa fedha nyingi, na katika viwanda vichache vyenye mafundi wa kazi hiyo. Viwanda hivyo vilikuwa vimejaa kazi tayari.

Ndipo alipotokea Bwana William Reed, fundi mchoraji wa kiwanda cha Smith's Dock, kaskazini mwa Uingereza. Kiwanda hicho kilizoea kuunda meli za kuvulia nyangumi. Meli ya namna hiyo lazima iwe imara, iweze kukaa katika bahari mbaya, na iweze kugeuka upesi, kwa sababu nyangumi hangoji. Bwana Reed akaichukua meli moja ya nyangumi iitwayo Southern Pride, akairefusha, akaitia mzinga na vifaa vya kuwindia nyambizi. Fikira yenyewe ilikuwa nyepesi kueleweka: chombo kilichoundwa kumfuata mnyama azamaye chini kikatoka tena juu, mbona kisifuate chuma kifanyacho vivyo hivyo? Akiba kubwa ilikuwa kwamba viwanda vidogo, ambavyo havijapata kuunda manowari hata moja, viliweza kuiunda hii.

Vipimo vyake vilikuwa hivi. Urefu ni futi 205, upana futi 33, uzito kama tani 925. Mtambo ulikuwa mmoja, wa mvuke, wa namna ya zamani iliyotumika katika meli za biashara, wenye nguvu za farasi 2,750, ukizungusha rafadha moja tu. Mtambo wa kisasa ungalikwenda kasi zaidi, lakini ulikuwa adimu, na mabaharia wengi waliokuwa wakiandikwa ni watu wa meli za mizigo na wavuvi, ambao mtambo huu wa zamani waliujua kama mchungaji ajuavyo mifugo yake. Mwendo wake ulikuwa maili 16 za bahari kwa saa. Omoni palikuwa na mzinga mmoja wa inchi 4, na shetrini mapipa ya baruti ya kutumbukizwa majini.

Hapa yafaa kusema kweli. Maili 16 kwa saa hazikutosha. Nyambizi ya Kijerumani iliyokuwa ikielea juu ya maji iliweza kwenda maili 17. Basi korveti ilikuwa kama mlinzi ambaye mwizi akiamua kukimbia hampati. Waliozitoa amri za kuiunda walijua jambo hilo, nao walichagua kuwa na walinzi wengi wa mwendo mdogo mapema, kuliko kuwa na wachache wa mbio baada ya nyumba kwisha kuporwa. Watu wa sehemu hizi wanawakumbuka Dubas, wale askari wa vilemba vyekundu waliozunguka na ngamia katika wilaya za kaskazini. Dubas hawakuwa jeshi lenye mizinga. Kazi yao ilikuwa kuwapo, kisimani na njiani, siku zote. Korveti ilikuwa hivyo.

Amri ya kwanza ilitolewa mwaka 1939, na korveti ya kwanza, Gladiolus, ilishushwa majini mwezi wa Januari 1940. Zile za Waingereza zilipewa majina ya maua, na kwa hiyo zikaitwa Jamii ya Maua. Moja iliitwa Jasmine, nalo ni lile ua la asumini ambalo wanawake wa Mombasa na Lamu hulitia nyweleni. Kwa chombo cha vita majina hayo yalikuwa ya ajabu, na mabaharia walitaniwa sana bandarini. Hata hivyo Gladiolus haikuchelewa kuonyesha kazi yake: tarehe 1 Julai 1940, ikisaidiwa na ndege, iliimaliza nyambizi ya Kijerumani U-26. Mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba 1941, Gladiolus yenyewe ilipotea katika bahari ya Atlantiki pamoja na watu wake wote.

Zaidi ya korveti 200 za jamii hiyo ziliundwa, Uingereza na Canada. Ziliendeshwa na mabaharia wa mataifa mengi: Waingereza, Wakanada, Wafaransa waliokataa kushindwa, Wanorwe, Wagiriki, Wahindi na wengineo.

Maisha ndani yake yalikuwa ya taabu. Meli hii haikuzama upesi katika dhoruba, lakini haikutulia hata siku moja. Mabaharia walisema kwamba ingeyumba hata ikiwekwa juu ya majani yenye umande. (Umande! Wajir hautakuwa mfano mzuri wa jambo hilo.) Watu kama 85 walijazana mahali palipokusudiwa wachache kuliko hao. Katika zile za kwanza, vyumba vya mabaharia vilikuwa omoni na jiko lilikuwa nyuma, na kati yao palikuwa na sitaha iliyo wazi. Mpishi akiisha kupakua, mtu huchukua sufuria akavuka na chakula huku mawimbi yakimpiga. Mara nyingi kilifika kikiwa baridi, kimeingia maji ya chumvi, au hakikufika kabisa. Nguo hazikukauka safari nzima. Baada ya malalamiko mengi sehemu ya omo ikarefushwa nyuma katika zile zilizoundwa baadaye, na taabu hiyo ikapungua.

Sasa, kazi yenyewe ya kulinda. Meli za mizigo hazikuachwa ziende moja moja, bali zilikusanywa zikaenda kwa msafara. Mtu aliyewahi kuhamisha ngamia kutoka malisho hadi malisho hana haja ya kuelezwa sana. Msafara huenda kwa mwendo wa yule aliye mzito kuliko wote. Walinzi hukaa mbele, kando na nyuma, wala hawakai katikati, kwa sababu fisi hachukui aliye katikati. Usiku ndio wakati wa hatari. Na ngamia akianguka, msafara hauwezi kusimama wote kumngoja.

Lakini fisi huyu wa baharini haonekani, kwa hiyo korveti ilipewa chombo kiitwacho asdiki. Chombo hiki hupeleka sauti majini, na sauti ikigonga kitu kigumu hurudi, kama mtu apigaye ukelele ndani ya kisima akasikia sauti yake ikimrudia. Kwa muda inaochukua kurudi, mabaharia hujua kitu kiko umbali gani. Basi korveti huelekea hapo, na ikifika juu yake hutumbukiza mapipa. Kila pipa lina kama ratili 300 za baruti, nalo hutengenezwa lipasuke likifika kina fulani. Si lazima liiguse nyambizi, kwa kuwa mshindo wa maji wenyewe waweza kuivunja.

Chombo hicho kilikuwa na kasoro tatu. Hakikusikia nyambizi iliyo juu ya maji. Kilipoteza sauti ya adui pale korveti ilipomkaribia sana, yaani wakati ule ule wa kupiga. Na katika bahari za joto kama yetu, maji ya juu na ya chini hayana joto sawa, na sauti hupinda njiani, hata nyambizi ikaweza kujificha. Rada ilipoletwa mwaka 1941 iliondoa kasoro ya kwanza, na silaha mpya ya kurusha mabomu mbele ya meli ikapunguza ya pili. Ya tatu ilibaki.

Vita vilifikaje kwetu? Mwezi wa Desemba 1941 Japani iliingia vitani. Mwezi wa Aprili 1942 manowari za Wajapani zilishambulia Ceylon, ambayo siku hizi huitwa Sri Lanka, na Admeri Somerville akaleta sehemu kubwa ya manowari zake Kilindini. Mombasa ikawa makao makuu ya jeshi la majini la Uingereza katika Bahari ya Hindi. Hata shule ya Allidina Visram ilichukuliwa, na ndani yake walikaa watu waliosikiliza simu za upepo za Wajapani na kuzifumbua siri zake.

Hofu kubwa ilikuwa kisiwa cha Bukini, yaani Madagascar, kilichokuwa chini ya Wafaransa waliopatana na Wajerumani. Kama Wajapani wangekipata, njia yote kutoka rasi ya kusini hadi Mombasa na Aden ingefungwa. Kwa hiyo tarehe 5 Mei 1942 Waingereza waliteremsha askari kaskazini mwa kisiwa hicho, karibu na bandari ya Diego Suarez. Korveti za Maua zilikuwamo, nazo zilitumiwa hata kusafisha njia yenye mabomu yaliyotegwa majini. Korveti Auricula ilipigwa na bomu moja la namna hiyo siku ile ile, ikazama kesho yake. Mwisho wa mwezi huo nyambizi mbili ndogo sana za Wajapani ziliachwa na nyambizi kubwa nje ya bandari. Moja iliingia, ikaijeruhi manowari kubwa Ramillies na kuizamisha meli ya mafuta British Loyalty. Korveti zilizokuwa bandarini zilitumbukiza mapipa ya baruti gizani, bila kujua adui yuko wapi hasa.

Baada ya hapo, askari wa King's African Rifles kutoka Afrika Mashariki walipelekwa Bukini, wakapigana huko mpaka Wafaransa walipokubali kuacha vita mwezi wa Novemba 1942. Wengi wa askari hao walikuwa watu wa bara ambao hawajapata kuonja maji ya chumvi.

Katika miezi ya Juni na Julai 1942 ndipo upungufu wa walinzi ulipoonekana wazi. Nyambizi za Wajapani zilizamisha meli za mizigo zaidi ya 20 katika mlango wa bahari ulio kati ya Bukini na Msumbiji. Nyingi ya meli hizo zilikuwa zikisafiri peke yake, kwa kuwa korveti za kuziongoza hazikuwapo za kutosha. Atlantiki ilipewa kwanza, na Bahari ya Hindi ikapata yaliyobaki. Tangu hapo korveti kadhaa zilifanya kazi kutoka Kilindini, zikisindikiza misafara kwenda Durban, Aden na Colombo, safari baada ya safari. Katika safari nyingi hakuna lililotokea, na hiyo ndiyo maana ya ulinzi mwema. Ila mambo hayakuwa hivyo siku zote.

Mwanzo wa mwezi wa Februari 1944 msafara wa meli tano za abiria uliondoka Kilindini kwenda Colombo. Ndani ya moja yao, Khedive Ismail, walikuwamo watu zaidi ya 1,500. Wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, wa kikosi kiitwacho 301st Field Regiment, waliokuwa wakienda kupigana na Wajapani katika nchi ya Burma. Walikuwamo pia wanawake 83, wengi wao wauguzi. Tarehe 12 Februari, saa nane na nusu mchana, walipokuwa karibu na visiwa vya Maldivi, walinzi walikuwa watatu: manowari Hawkins, na destroya mbili, Petard na Paladin. Nyambizi ya Kijapani I-27 ilipenya kati yao ikaipiga Khedive Ismail kwa makombora mawili ya majini. Meli ile ilizama kabla dakika mbili hazijatimia. Waliokuwa chini ya sitaha hawakupata hata nafasi ya kuelewa kilichotokea.

Hawkins na zile meli nne nyingine zilikwenda zao kwa kasi, kama sheria ya msafara ilivyotaka. Paladin ikashusha mashua kuwaokoa waliokuwa wakielea. Petard ikaitafuta nyambizi, na hapo nahodha wake akakutana na jambo ambalo hakuna mtu angetaka kulikuta: nyambizi ilikuwa chini ya mahali pale pale palipokuwa na watu majini. Akiiacha, itazipiga meli zilizosalia zenye watu maelfu. Akiipiga, mshindo utawaua walionusurika. Mapipa yakatumbukizwa, na baadhi ya waliokuwa wakielea wakafa kwa mshindo. Nyambizi ikalazimika kuibuka. Paladin ilipokwenda kuigonga ikapasuliwa ubavu wake yenyewe. Mizinga haikuweza kuizamisha, na Petard ikarusha makombora saba ya majini, sita yakakosa, na la saba likaivunja. Katika watu wa nyambizi hiyo alipona mmoja tu.

Katika watu wa Khedive Ismail walikufa 1,297. Walionusurika ni wanaume 208 na wanawake 6.

Yule nahodha amehukumiwa na watu wengi waliokaa pakavu, wala si kazi ya hotuba hii kuongeza hukumu. Jambo la kutazama zaidi ni hesabu iliyokuwapo kabla ya siku ile. Walinzi watatu kwa meli tano zilizojaa askari, mmoja wao akiwa manowari kubwa isiyofaa kuwinda nyambizi, ni walinzi wachache. Korveti nne kando ya msafara huenda zingaliisikia I-27, au huenda zisingaliisikia katika maji yale ya joto. Lakini jambo moja lajulikana. Mlinzi akiwa mmoja wa kuwinda na mmoja wa kuokoa, hakuna wa tatu wa kumsaidia yeyote. Katika Atlantiki kazi ya kuokoa ilikuwa mara nyingi ya korveti, kwa kuwa sitaha yake ya kati iko chini, karibu na maji, na mtu aliyechoka aliweza kuvutwa juu kwa mikono.

Kufikia wakati huo jamii ya Maua ilikuwa imekwisha kupata wadogo zake. Bwana Reed alichora manowari kubwa zaidi, yenye rafadha mbili na mwendo wa maili 20, iliyopewa majina ya mito ikaitwa frigeti. Mwezi wa Agosti 1944 frigeti moja ya namna hiyo, Findhorn, pamoja na manowari ya Kihindi Godavari, ziliizamisha nyambizi ya Kijerumani U-198 karibu na visiwa vya Shelisheli.

Vita vilipokwisha mwaka 1945 korveti hazikuhitajiwa tena. Nyingi zilivunjwa zikawa chuma chakavu. Nyingine ziliuzwa kwa wafanya biashara, na baadhi yao zikapelekwa kuvua nyangumi, kazi ile ile ambayo umbo lake lilitoka kwayo. Katika zote imesalia moja, Sackville, ambayo imehifadhiwa huko Halifax, Canada.

Afrika Mashariki haikuachiwa korveti, lakini ilipata meli yenye asili inayofanana na hiyo. Rosalind, iliyoundwa kwa mfano wa meli za kuvulia samaki ikatumika vitani, ililetwa Mombasa mwaka 1946, na juu ya sitaha yake walifundishwa vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Jeshi hilo la majini la Afrika Mashariki lilivunjwa mwaka 1962, na Jeshi la Majini la Kenya likaanzishwa tarehe 12 Desemba 1964.

Askari wa Khedive Ismail hawana makaburi. Majina yao yameandikwa katika Ukumbusho wa Afrika Mashariki, ulio ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, kando ya barabara ya Ngong. Mtu wa Wajir akifika Nairobi kwa shughuli zake anaweza kwenda kuyasoma.